Samaki wa mlima na samaki wa ziwa: walifikaje, na nani aliruhusiwa kuwavua



Wale waliokuwa mu mkutano uliopita wanakumbuka mabishano yetu. Yalianza asubuhi na mpaka saa nane mchana hatukuwa tumepatana. Ndugu mmoja aliyerudi kutoka Kenya, ambako aliishi miaka mingi na kufanya kazi kwenye mabwawa ya samaki upande wa Nyeri, alileta wazo lake: mito yetu inatelemka kutoka milimani, maji yake ni baridi, mbona hatupandi trauti? Bei ya ule samaki iko juu, wageni wanampenda, tena wengine wanalipa ili wamvue tu na kumrudisha majini. Mfadhili wetu mmoja alikuwa amekwisha kusikia wazo hilo na lilimpendeza. Upande mwingine walikaa wavuvi wetu wa sambaza pamoja na wamama wanaouza, ambao tangu mwaka jana wanangoja feza ya nyavu. Mama mmoja akasimama, akasema: "Kese ni moja. Na ile samaki ya trauti, mimi sijamuona hata siku moja ku soko."

Komite ikatuomba, sisi tunaoandika kijarida hiki, tutafute historia ya hao samaki wawili mbele ya kupiga kura. Tumesoma, tumeuliza wazee, tumemkalisha ndugu wa Kenya jioni mbili nzima atueleze. Haya ndiyo tuliyopata.

Tuanze na trauti, juu yeye ndiye mgeni. Waliosoma kwa Kifaransa wanamjua kwa jina la truite. Katika bara letu zima, kwao kwa asili ni milima ya Atlas tu, kule Moroko na Aljeria. Wengine wote walio Afrika waliletwa na watu. Kuna wa namna mbili wanaohusika hapa: yule wa rangi ya kahawia mwenye madoa, ambaye kwao ni Ulaya, na yule mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye kwao ni upande wa Amerika ya Kaskazini unaoelekea bahari ya Pasifiki.

Huyu samaki anadai vitu viwili, na asipovipata anakufa: maji baridi na hewa nyingi ndani ya maji. Maji yakipita digrii 20 anaanza kupata shida. Yakikaribia 25 ni hatari kwake. Ndiyo maana katika nchi zetu za joto anapatikana tu juu, ambako mto unaruka mawe na kufanya povu. Anataga mayai yake katika changarawe safi, mto ukipita juu yake. Ukileta matope, mayai yanakosa pumzi.

Ndugu wa Kenya alituchorea kwa kijiti kwenye vumbi mahali anapokaa. Hakai katikati ya mkondo mkali, maana atachoka. Anakaa nyuma ya jiwe kubwa, pale maji yanapopoa, kichwa kikitazama mto unakotoka, anangoja wadudu waletwe na maji mpaka mdomoni. Au anajificha chini ya ukingo uliochimbwa na mto, penye kivuli cha mizizi. Au mwishoni mwa kidimbwi, pale maji yanapoanza kuwa membamba. "Ukisimama wima akakuona, basi, nenda nyumbani," akasema. Wazee wetu wanaovua kambale kwa ndoano walitikisa vichwa kwa kukubali, na kwa dakika chache ubishi wa trauti na sambaza ulisahaulika, ikawa ni wavuvi tu wanaongea.

Mwaka 1905 ndio mwaka wa mayai ya kwanza kule Kenya. Yalitoka Loch Leven, ziwa la Scotland, yakawekwa mu mto Gura, kwenye milima ya Aberdare ambayo Wakikuyu wanaiita Nyandarua. Yai la trauti likifika kiwango cha kuonyesha jicho linavumilia safari, mradi lisikauke na lisipate joto. Kwa hiyo yalisafiri kwa meli mpaka Mombasa, kisha kwa reli, na mwisho kwa mabega ya watu mpaka juu mlimani. Mwaka 1910 yakafuata ya yule mwenye mstari wa waridi, kutoka Afrika Kusini. Kutoka hapo samaki walisambazwa mto kwa mto: Chania, Sagana, Thego, Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Liki, na hata kwenye maziwa madogo yaliyo juu kabisa ya mlima Kenya, kama Rutundu, Alice na Ellis. Mwaka 1948 serikali ya wakoloni ikajenga kituo cha kutotoa mayai ya trauti pale Kiganjo, karibu na mto Sagana, na kituo hicho kingali kinafanya kazi. (Ni kwenye mlima huo ambako mwaka 2010 mjukuu wa malkia wa Uingereza alimchumbia mke wake. Ndugu wa Kenya hakutaka tuliache nje.)

Mtu aliyeleta yale mayai ya 1905 aliitwa Ewart Grogan, na hapa historia ilitushtua, juu jina lake linapita mu nchi yetu. Huyu ndiye yule Mwingereza aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika mpaka Kairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900. Mwaka 1899 alipanda bonde la Ruzizi, akafika kwenye ziwa Kivu, akapita chini ya volkeno za Virunga. Njia yake ni ileile ambayo wengi wetu tuliitumia kwa kukimbia na kwa kurudi. Alilipenda ziwa letu kwa macho, akaenda zake. Miaka michache baadaye alikuwa mlowezi mkubwa Nairobi, mwenye mashamba na misitu. Na mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu watatu mbele ya jengo la mahakama, hadharani, watu wakitazama. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja.

Tumeandika jambo hilo pamoja na habari ya mayai kwa sababu yanakaa nyumba moja. Trauti hakuletwa ili watu wa Nyandarua wale. Wakikuyu wengi wa zamani zile hawakuwa hata na desturi ya kula samaki. Aliletwa ili walowezi wapate mchezo wa nyumbani kwao. Na mchezo huo ukaja na sheria zake: uwe na kibali ulichokilipia, uvue kwa nzi wa bandia tu, yaani ndoano iliyofungwa nyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu, usizidishe hesabu ya samaki kwa siku, mdogo umrudishe. Kama sheria za kulinda samaki, si mbaya. Hata sisi tungependa kuwa nazo hapa. Lakini angalia nani alibaki nje. Mtoto wa kijiji mwenye mnyoo na uzi akawa mwizi katika mto unaopita chini ya shamba la baba yake. Mtu mzima akapata kazi ya kubeba kikapu. Vita vya Mau Mau vilipoanza mwaka 1952, ile milima ya trauti ndiyo ikawa mahali pa kujificha na pa kuuawa, na raia wakakatazwa kukanyaga msitu.

Siku ya leo mambo yamebadilika kule. Serikali ni ya wenyewe, na kuna wakulima wa Nyeri wanaofuga trauti kwenye mabwawa yanayopata maji ya mto na kuuza kwa hoteli. Ndugu yetu alifanya kazi kwa mmoja wao, na hilo ndilo alilotaka tulifanye. Tusimdhulumu: hakutuletea mchezo wa Grogan. Alituletea kazi aliyoiona ikilisha watu.

Hadithi ya namna hii ilitokea pia mbali. Tanzania ilipata trauti wake kwenye mito ya mlima Meru, na Kiwira karibu na Mbeya. Kule Peru na Bolivia, katika ziwa Titicaca lililo mita zaidi ya 3,800 juu ya bahari, trauti waliwekwa katika miaka ya 1930 na 1940. Wavuvi maskini waliwavua kweli, viwanda vya kutia samaki kwenye mikebe vikajengwa, watu wakapata feza. Lakini samaki mmoja wa asili wa ziwa lile, aliyekuwa mkubwa kuliko ndugu zake, hayupo tena duniani, na trauti anahesabiwa kati ya waliomwondoa. Ukipanda samaki, hupandi kama mihogo. Mihogo utaing'oa ukitaka.

Sasa tuje kwa sambaza wetu, maana wengi wanafikiri Mungu alimweka hapa tangu mwanzo. Si vile. Sambaza naye ni mgeni, na si wa zamani sana. Wako kati yetu wazee waliozaliwa mbele yake.

Kwanza mujue ziwa lenyewe. Kivu iko mita karibu 1,460 juu ya bahari. Ni ziwa la mlima, hata kama tumezoea kuliona kama bahari yetu. Zamani sana mito ya huku ilikuwa inaelekea kaskazini. Volkeno za Virunga zikafunga njia, maji yakajaa, yakatafuta mlango kusini, wakapata Ruzizi. Ziwa Tanganyika liko chini, mita karibu 770. Katikati ya hayo maziwa mawili mto unaanguka karibu mita 700, tena sehemu kubwa ya kuanguka iko kwenye makorongo kati ya Bukavu na Kamanyola. Samaki wa Tanganyika hakuweza kupanda. Kwa hiyo Tanganyika ilikuwa na samaki wa kila namna, na Kivu ikabaki na aina chache, wengi wao wa kando kando: tilapia, kambale, wale wadogo wa mawe. Katikati ya ziwa, penye maji mapana, hapakuwa na samaki wa kula vile vidudu vidogo vinavyoelea.

Na chini pia hapana kitu. Kivu ina kina cha mita 485 mahali penye kina kirefu, lakini hewa ya kupumua samaki inaishia mita sitini au sabini hivi. Chini ya hapo ni gesi. Mbelgiji Hubert Damas, aliyepima ziwa mwaka 1935 na 1936, ndiye aliyeonyesha jambo hilo kwa vipimo. Ziwa kubwa hivyo, na sehemu inayoweza kukaa samaki ni kama blanketi jembamba lililotandikwa juu ya shimo.

Wataalamu wa Kibelgiji wakaanza kusema: kuna chakula juu, hakuna mla chakula, tumlete ndagala wa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kazi ikiongozwa na mtaalamu aitwaye Collart, wakaleta makumi ya maelfu ya vifaranga kutoka Tanganyika, wakawaachia Kivu. Wenyeji wa Uvira na Fizi watajua ugumu wake: huyu samaki ukimgusa tu magamba yanabaki mkononi, na kisha amekufa. Ndiyo sababu walichukua watoto, si wakubwa.

Walitegemea ndagala mwenyewe, yule mdogo. Kati ya vifaranga kulikuwa na ndugu yake, yule ambaye Uvira wanamwita lumpu. Ndagala hakukaa. Lumpu akakaa. Mipango ya wataalamu ilikuwa kwa mmoja, ziwa likamchagua mwingine. Halafu ikafika tarehe 30 juni 1960, uhuru; kisha fujo za miaka iliyofuata. Wazungu wengi waliondoka. Samaki aliendelea na kazi yake ya kuzaa. Ametawala ziwa lote, Bukavu mpaka Goma, kuzunguka Idjwi, upande wa Rwanda na wa kwetu. Tukamwita sambaza, na wazee wanacheka kwamba jina hilo hakukosewa.

Mzee mmoja wetu alituambia namna alivyomuona mara ya kwanza, akiwa kijana. Walikuwa wanavua tilapia karibu na pwani usiku, taa ikiwa kwenye mtumbwi. Maji yakaanza kung'aa chini ya taa kama mtu amemwaga misumari. "Tuliogopa," akasema. "Mwenzangu alisema tuzime taa."

Uvuvi mkubwa wa kupangwa ulianza mwaka 1979, upande wa Rwanda, pale Gisenyi, kwa mradi wa Umoja wa Mataifa. Kutoka hapo ndiyo ile trimarani tunayoijua wote ilienea: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu mkubwa unashushwa katikati, taa zinawashwa juu yake. Usiku sambaza anapanda kufuata chakula chake kinachopanda; mchana anashuka mpaka mpaka wa ile hewa. Mwezi ukiwa mzima anatawanyika, taa haimwiti, na hizo ndizo siku wavuvi wanashona nyavu na kupumzika. Wakitoka jioni wanapiga makasia kwa wimbo. Wengi wetu, mu kambi, tulikuwa tunasikia ule wimbo usingizini.

Collart na wenzake hawakumwekea sambaza kibali cha kucheza. Walimleta awe chakula, kwa hesabu ya kikoloni, ndiyo: walitaka wafanyakazi wa mashamba na miji wapate nyama ya bei ndogo. Lakini samaki wa bei ndogo, aliye wengi, mdogo kama kidole, hakuna mlowezi aliyemtaka kwa mchezo. Akabaki wetu. Hata mtoto anaweza kumnunua kwa kikombe. Ni huyuhuyu lumpu aliyepelekwa tena kusini mwaka 1967 na 1968, kwenye ziwa Kariba kati ya Zambia na Zimbabwe, na leo watu wa kule wanamwita kapenta na kumla kila siku.

Kulikuwa na hasara pia, tusiifiche. Kivu ilikuwa na mdudu mmoja wa majini, mkubwa kati ya vidudu vinavyoelea, aliyekuwa anakula ule ukijani wa maji. Sambaza alimmaliza. Mwaka 1986 mtaalamu wa Ubelgiji, Henri Dumont, aliandika akiuliza kama hili si janga jingine la Afrika. Ziwa halikufa alivyoogopa. Lakini tangu miaka ya 2000 samaki mwingine wa Tanganyika ameonekana Kivu, bila mradi wala hotuba, na anagombania chakula kilekile na sambaza. Wavuvi wetu wanamtoa wavuni wakinung'unika.

Sasa tufike kwetu sisi.

Tuliporudi, wengine kutoka Tanzania, wengine Burundi, Rwanda na Uganda, wachache Kenya, kila mmoja alikuwa na shamba lake kichwani. Mu kambi tulikuwa tunalima hayo mashamba kwa mdomo kila jioni: migomba ile, mti wa avoka ule, mpaka ule wa mito. Tulipofika tulikuta mashamba yako na watu. Wengine waliyanunua kwa mtu asiye na haki ya kuyauza, wengine walipewa, wengine walikimbilia hapo wakitoka mahali pao walikofukuzwa, nao hawana pa kwenda. Kesi nyingine ziko mbele ya chifu mpaka leo. Wanachama wetu wanajua. Wafadhili wetu pia, kwa sababu ninyi ndio mliotusaidia kulipa safari za mashahidi.

Ziwa peke yake halikutuomba karatasi. Si kwamba ni bure: kuna taksi, kuna jetoni, kuna cha huyu na cha yule, na kila pwani iko na mtu wa kunyoosha mkono. Lakini mtu aliyerudi na mikono mitupu aliweza kuomba nafasi kwenye trimarani ya mwingine usiku uleule, akarudi asubuhi na samaki wa kula na wa kuuza kidogo. Mjane aliweza kuchukua beseni moja kwa deni alfajiri, akapanda nalo soko, akalipa saa nne. Kesi ya shamba inachukua miaka sita. Beseni linachukua saa tano. Nyumba zaidi ya nusu za shirika letu zilianza upya kwa njia hiyo.

Na hapa tuseme kosa letu sisi wenyewe. Miaka ya kwanza hatukuwa na feza ya nyavu za kweli. Tulichukua vyandarua, vile tulivyopewa kwa ajili ya malaria, tukavishona pamoja, tukavuta pwani. Vifaranga vya sambaza vinakaa kando, penye maji haba, mpaka vikue. Chandarua hakiachi kitu. Tulikuwa tunavua mwaka ujao. Mzee mmoja alitukemea mara nyingi na hatukumsikia, juu watoto walikuwa wanataka kula leo. Halafu tukaona beseni linapungua, mwaka baada ya mwaka, na wamama wakaanza kununua samaki wadogo kuliko njiti ya kiberiti. Upande wa Rwanda wanafunga uvuvi kwa muda kila mwaka ili samaki apumue. Upande wetu kufunga ni maneno, maana anayefunga hana cha kumpa anayefungiwa.

Je, mito ya mlima? Tulipanda kuiangalia. Tulikwenda watu watano pamoja na ndugu wa Kenya, naye alikuwa ameazima kipimajoto. Chini, karibu na barabara, maji ya mchana yalikuwa ya vuguvugu, na yamejaa udongo wa mashamba yaliyo juu. Alitia mkono, akatikisa kichwa kabla ya kutazama kipimo. Ziwa lenyewe ni la joto kupita kiasi kwa trauti, hilo hata yeye hakulibishia. Tukapanda zaidi. Kadiri tulivyopanda maji yalipoa na kusafika, mawe yakaonekana, na kwa kweli mahali pamoja uso wake ulichangamka. "Hapa angekaa," akasema, akionyesha nyuma ya jiwe. Palikuwa pazuri.

Lakini juu ya pale tu ni mpaka wa bustani ya Kahuzi-Biega. Bustani hiyo iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Watwa waliokuwa wakiishi mule walitolewa. Mpaka leo wanadai. Maji baridi ya kwetu, yale ya kumfaa trauti, yanapita mahali ambapo mtu wa kijiji akionekana na ndoano anakamatwa, au yanapita kando ya mashamba makubwa ambayo hatuna haki nayo. Tungejenga kwenye ardhi ya nani? Tuliorudi bila shamba la mihogo, tutapataje kiwanja cha bwawa chenye maji ya mto usiku na mchana?

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja mu mkutano. Tarehe 4 mei 2023, mito hii hii ya Kalehe ilishuka na mawe na miti, ikapita juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walizidi mia nne. Nasi tulizika. Bwawa la trauti lazima likae penye mto unaotelemka kwa nguvu. Yeyote aliyechimba makaburi ule mwezi wa tano anajua penye mto unaotelemka kwa nguvu kuna nini.

Kwa hiyo sisi waandishi, tukiulizwa, tunasema wazi: feza ya kese iende kwa nyavu za sambaza zenye macho yanayoruhusiwa, na vyandarua vyote vya kuvulia viletwe mbele ya mkutano. Wavuvi watakaopewa nyavu mpya wakubali kwa sahihi kuacha pwani wakati wa vifaranga, na wamama wa sambaza wawe kwenye kamati ya kuwaangalia, maana wao ndio wanaoona beseni kila asubuhi. Wamama wenyewe wameomba pia vitanda vya waya vya kukaushia, samaki wasilale tena juu ya mchanga. Mfadhili aliyependa wazo la trauti tumemwandikia barua na kumweleza yote haya; amejibu kwamba atakuja mwenyewe kuona, na kwamba feza yake haijafungwa kwa samaki mmoja.

Ndugu wa Kenya hajakubali kabisa. Anasema tumesoma Grogan kupita kiasi, na kwamba mkulima aliyemwajiri hakuwa mlowezi, alikuwa mjukuu wa mtu aliyebeba vikapu vya walowezi. Ameomba aruhusiwe kusema mbele ya kura, na komite imekubali. Ana haki. Tena ndiye aliyeshika kamba ya upande wa kushoto tulipopima nyavu za mfano juma lililopita, akaonyesha mahali zilipofumwa vibaya kabla ya fundi kuona.

Kura itapigwa jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, chini ya mwembe wa shule. Mwezi utakuwa mzima, wavuvi wote watakuwa nyumbani. Kila mwanachama aje na kadi yake, na aliye na chandarua aje nacho.